Barua kwa Somoe, kuhusu watu na kazi za bandani

Mikindani, Mtwara
12 Agosti

Mpendwa Somoe,

Salamu nyingi kutoka Mikindani. Sisi huku wazima, na mama anakusalimu sana. Natumai na nyie hapo Mitwero, Lindi, hamjambo, na baba mgongo umempa nafuu. Huku kusi linavuma bado, usiku kuna ubaridi, na uyoga mamama, huu tunaoulima, unaipenda hali hii kuliko joto la Novemba linalotusubiri.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama uajiri watu watatu zaidi kabla ya msimu wa korosho, kwa sababu hao wanne ulionao wanalemewa asubuhi na uyoga mwingine unakupita mikononi. Shoga yangu, nakusihi usiajiri kwanza. Kaa bandani asubuhi mbili tatu, kazi usiiguse, angalia tu mikono yao inafanya nini na miguu yao inakwenda wapi.

Nadhani utakayoyaona ni haya. Mchumaji anang'oa shada la uyoga, anatia kwenye ndoo, ndoo ikijaa anaipeleka mezani. Mwenzake anaimwaga, anachambua, anakata vitako, anapanga kwenye pakiti, anapima, anapunguza, anaongeza. Shada moja limeguswa mara nne au tano, na kila likiguswa ukingo unachanika. Huku kwetu mchumaji anaingia na pakiti tupu, kisu kidogo na mzani, vyote juu ya kimeza chenye magurudumu alichotuundia fundi wa mtaani. Anashika shada chini kabisa, analizungusha kidogo mpaka ling'oke zima bila kuacha kisiki kitakachooza, anakata kitako kinadondokea kwenye ndoo ya taka, na shada linaingia moja kwa moja kwenye pakiti ya robo kilo itakayokwenda sokoni. Halishikwi tena. Kwenye mashamba makubwa ya Ulaya, Uholanzi kwa mfano, uyoga ule mweupe wa duara nao huchumwa hivyo hivyo, unaingia kwenye chombo cha kuuzia tangu unapong'olewa, na mchumaji hupimwa kwa kilo za kila saa. Wanajua kwamba uchumaji ndio unaokula saa nyingi za watu kuliko kazi nyingine zote. Hata kwa banda lako dogo, hapo ndipo pa kuanzia.

La pili ni kukubaliana uyoga upi umefika. Nina hakika kwa watu wako wanne kuna maoni manne. Mmoja anauchuma ungali mchanga, mwingine anangoja upanuke apate uzito. Nimebandika mlangoni picha tatu kubwa nilizopiga kwa simu: ambao bado, uliofika, na uliopitiliza. Uliofika ukingo wake bado umeinama chini kidogo. Ukishanyooka na kuanza kupinduka juu, umechelewa, utavunjika njiani na utamwaga vumbi la mbegu zake. Vumbi hilo si la kuchezea, Somoe. Anayelivuta kila siku kifua kinambana, anakohoa, anaweza kupata homa. Barakoa kila anayeingia kuchuma, na madirisha yafunguliwe kwanza hewa itoke. Kijana mmoja wa kwetu alipoanza kukohoa nilimhamishia kwenye kazi ya kukata majani ya mpunga, nje kwenye hewa, na mshahara wake haukupungua hata senti.

Sasa twende nyuma ya banda, maana uchumaji mbaya mara nyingi huzaliwa kwenye pipa. Majani ya mpunga, yale tunayojaza kwenye mifuko uyoga uote humo, tunayatoa Kitere, tunayaloweka usiku kucha, asubuhi yanachuja maji. Wakati wa kujaza mifuko kila mtu alikuwa anapima unyevu kwa mkono wake. Bi Mkubwa, yule mama wa makamo uliyemkuta hapa ulipokuja, akikamua ngumi moja yanatoka matone mawili matatu basi. Vijana wenye nguvu wanakamua majani yale yale yanatiririka, wanasema bado yana maji. Tukakubaliana kwamba anayepima ni Bi Mkubwa, na wakati huo huo anamfundisha mtu wa pili, ili siku akiuguliwa kazi isisimame. Ndivyo tunavyofanya kwa kila kazi: wanaoijua vizuri wasipungue wawili.

Kwenye kufukiza mifuko kwa mvuke ndani ya pipa, kabla ya kupanda mbegu, kanuni yetu ni moja. Muda hauhesabiwi tangu moto uwashwe, unahesabiwa tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu juu ya pipa. Anayesimamia moto anaandika ukutani kwa chaki saa mvuke ulipoanza, na hakuna anayeruhusiwa kufuta mpaka mifuko itolewe. Kisha ipoe kabisa, maana mbegu ukiipanda kwenye mfuko wenye moto unaiua. Kila mfuko unabandikwa tarehe na alama ya pipa. Mvua za mwaka huu tulipata mifuko yenye ukungu wa kijani, na kwa sababu ya alama zile tuliona yote ni ya pipa moja, la siku ambayo kuni zilikuwa mbichi na mvuke ulikuwa unakatika katika. Bila alama tungelaumu mbegu, au mbaya zaidi, tungemlaumu mtu.

Njia ya kutembea nayo iwe moja. Asubuhi waanze chumba chenye mifuko michanga, wamalizie chenye mifuko mikuukuu, wasirudi nyuma. Nzi na ukungu wanakaa kwenye mikuukuu. Anayetoa mifuko iliyokwisha haingii chumba cha giza, kile cha mifuko michanga, siku hiyo mpaka aoge na kubadili nguo. Kila chumba kina kandambili zake mlangoni, na beseni la maji ya dawa la kukanyaga.

Kuhusu korosho, hapo ndipo penye moyo wa swali lako. Oktoba watu wako watataka kwenda kwao, Newala, Tandahimba, Mtama, wakaokote korosho zao. Usiwazuie. Ile ndiyo ada ya watoto na bati za nyumba. Badala yake panga mifuko. Tangu kupanda mbegu mpaka mavuno ya kwanza ni wiki tatu nne hivi, kisha uyoga unarudi kila baada ya siku 7 hadi 10. Kwa hiyo mifuko utakayopanda katikati ya Septemba ndiyo itakayokudai mikono Oktoba. Punguza upandaji Septemba, waulize sasa hivi nani anaondoka lini, andika kwenye kalenda wote waione. Na hata miezi mingine usijaze banda kwa siku moja. Ukipanda mifuko michache kila wiki, mavuno yanakuja kidogo kidogo na wanne wako wanatosha. Ukipanda yote pamoja, wiki moja watakufa kwa kazi na wiki inayofuata wanakaa kivulini.

Malipo nayo yanafundisha. Ukilipa kwa kilo tupu, watangoja uyoga upanuke uwe mzito. Mimi nalipa mshahara wa mwezi, na juu yake zawadi ndogo kwa zamu nzima ikiwa pakiti zilizorudishwa na wanunuzi ni chache. Na mikataba iandikwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, na saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Uyoga unachumwa alfajiri na jioni, kwa hiyo mtu mmoja kushika yote mawili kila siku ni kumuumiza. Gawa zamu mbili: wa alfajiri waondoke mchana, wa jioni waje baada ya adhuhuri na wao ndio wajaze mifuko kabla ya kuchuma.

Kanuni hizi usiziandike peke yako chumbani. Wakalishe chini, kila mmoja aeleze anavyofanya, mchague iliyo bora, na jina la aliyeitoa lisemwe mbele ya wote. Ile ya kimeza cha magurudumu aliileta kijana aliyeacha shule darasa la tano.

Kabla ya mwisho wa mwezi nitumie picha za daftari lako: kila asubuhi kilo ngapi, watu wangapi, walianza na kumaliza saa ngapi, na pakiti ngapi zilirudi. Nikiona kwamba hata baada ya haya wanalemewa, nitakuwa wa kwanza kukwambia uajiri, na Bi Mkubwa yuko tayari kuja Lindi wiki moja kuwafundisha. Ukimlipia nauli na ukampa pa kulala, yatosha.

Nisalimie baba na wadogo zako wote.

Wako akupendaye,
Mwanahawa