Barua ya wazi kwa Mkaguzi Mkuu wa Migodi: ukija tena, kwanza chomoa kebo

Mheshimiwa, heshima yako. Mimi ni fundi wa redio mgodini, na siandiki kuhusu mshahara, naandika kuhusu waya.

Kila ukaguzi mambo ni yaleyale. Mkaguzi anashuka, anashika redio kolu, "kontroo mnanipata?", chumba cha mawasiliano huko juu wanajibu wanampata, anatiki fomu, anapanda zake. Hakuna anayeuliza hiyo sauti imepitia wapi. Mawimbi ya redio hizi za kawaida hayapenyi mwamba, kona mbili tu za handaki yashakata, ndo maana tunatandaza ile kebo inayovujisha mawimbi, ganda lake lina matundu ya makusudi ili redio zishike popote ilipopita, na kila baada ya mita mia kadhaa tunafunga kikuza mawimbi. Sasa yote hiyo inaenda juu kwa kebo moja, shafti moja, yaani shimo moja la wima la kushukia mgodini! Kuna siku jiwe lilidondoka, wala si kubwa, la kubeba kwa mikono miwili, likakata kebo na upande wote wa ndani ukawa kimya. Redio zina chaji, taa zinawaka, ukiita unasikia shiiii tu.

Wenzetu walishalipa. Mgodi wa makaa ya mawe wa Sago, West Virginia, Marekani, Januari 2006, mlipuko ukawafungia watu 13, akapona 1, na huko juu hawakuwa na namna ya kuongea nao. Mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria, migodi ya makaa ya mawe ikapewa miaka 3 iweke mipango ya mawasiliano yasiyo na waya na ya kujua kila mtu yuko wapi. Chile 2010 watu 33 waliofungiwa mgodini walikaa siku 17 ndipo wakajulikana wako hai, tena kwa karatasi iliyofungwa kwenye chuma cha kutobolea mwamba.

Ninachoomba ni njia 2 za kupanda juu, kila moja na shafti yake, na betri za akiba huko chini maana umeme ndo unaotangulia kukatika. Na hapa muwe macho, wengine watavuta kebo mbili wazifunge pamoja kwenye bomba moja, hiyo ni kebo moja tu mheshimiwa. Ipo pia mitambo ya redio ya masafa (frikwensi) ya chini sana ambayo mawimbi yake yanapenya mwamba wenyewe, ila inabeba ujumbe mfupi tu, iwe ya dharura.

Kwa hiyo mkaguzi akishuka safari ijayo, kabla hajaita kontroo, amwambie fundi achomoe kebo ya shafti kuu. Halafu ndo aite.