Nenda Ukawafundishe Wapinzani Wetu

Upanga, Dar es Salaam

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Hatujambo, joto tu ndilo linatutesa. Mama amefurahi kusikia goti linaendelea vizuri, na anasema usiwe na haraka ya kutupa fimbo.

Barua yako nimeisoma na kuirudia, hasa pale unapouliza: ukienda Temeke kuwafundisha watoto wa klabu ile tuliyoshindana nayo miaka yote, wenzetu wa Upanga watakuonaje? Nakujibu kwa urefu, ila jibu lenyewe ni fupi. Nenda.

Maneno yanayosemwa nayajua. Jiji letu ndivyo lilivyo: mchezaji akitoka Yanga ya Jangwani kwenda Simba ya Msimbazi, mtaa haulali. Na sisi wa mpira wa vinyoya, yaani badminton, pamoja na uchache wetu, ushabiki huo tumeubeba wote. Klabu ile imetunyima makombe na sisi tumeinyima. Mashabiki wao walikuwa wakipiga vigelegele kinyoya chetu kikinasa kwenye wavu. Leo hao hao wamekufuata nyumbani kwa adabu, wakakuomba uwalee mabinti zao, na upande wetu kuna waliokuita msaliti. Neno hilo limeniuma, shoga, kwa sababu limetoka vinywani mwa watu ambao hawajawahi kutoa hata Jumamosi moja kumshikisha mtoto raketi.

Kuna mtu ambaye habari zake nataka uzijue kabla hujawajibu. Anaitwa Rexy Mainaky. Alizaliwa mwaka 1968 Ternate, katika visiwa vya Maluku, Indonesia. Karafuu za Pemba na Unguja asili yake ni visiwa hivyo, kwa hiyo babu yako wa Wete angekaa naye barazani wakaelewana. Kwao ni ukoo wa raketi: kaka yake Richard naye akawa kocha, akamlea Tontowi Ahmad na Liliyana Natsir mpaka wakachukua dhahabu ya Olimpiki ya mseto, mwanamume na mwanamke upande mmoja, kule Rio mwaka 2016. Rexy yeye alicheza wawili wawili na Ricky Subagja. Mwaka 1995 walikuwa mabingwa wa dunia kule Lausanne, Uswisi, na All England, yale mashindano makubwa ya Uingereza, waliitwaa 1995 na 1996.

Halafu ikaja fainali ya Olimpiki ya Atlanta, 1996, dhidi ya Wamalaysia Cheah Soon Kit na Yap Kim Hock. Seti ya kwanza Rexy na Ricky walipigwa 15–5. Hesabu za zamani unazikumbuka: pointi ilikuwa ya upande unaoanzisha tu, yaani unaopiga kinyoya cha kwanza, na kila upande una zamu mbili za kuanzisha. Unaweza kupigana ukashinda mipigo mirefu, mmoja baada ya mwingine, na ubao usisogee, maana ulichopata ni haki ya kuanzisha tu. Ukiwa umefungwa vile, kitu cha kwanza kinachovunjika ni macho ya mwenzako. Unageuka kumtazama, unakuta ameshaenda nyumbani. Hawa hawakuvunjika. Walirudi wakashinda 15–13, kisha 15–12. Na fahamu kwamba Malaysia ilikuwa haijawahi kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote, na mpaka Olimpiki ya Paris 2024 ilikuwa bado haijaipata. Rexy na Ricky waliiondoa mikononi mwao.

Sasa sikia kilichofuata. Alipoacha kucheza alikwenda kufundisha Uingereza, na mwaka 2004 kule Athens Nathan Robertson na Gail Emms wakafika fainali ya mseto, wakaikosa dhahabu katika seti ya tatu kwa 15–12. Mwaka 2005 akachukuliwa na Malaysia. Malaysia hiyo hiyo! Wakampa vijana wao. Mwaka 2006 Koo Kien Keat na Tan Boon Heong wakaunganishwa, na kabla mwaka haujaisha wakawa na dhahabu ya Michezo ya Asia kule Doha. Mwaka 2007 wakachukua All England. Walikuwa watoto wa nchi ambayo yeye mwenyewe aliiliza.

Baada ya London 2012, ambako Koo na Tan walimaliza wa nne, aliondoka. Alipita Ufilipino, akarudi kwao Indonesia, akaenda Thailand. Mwishoni mwa 2021 Malaysia wakamwita tena kusimamia dabo zote, yaani michezo ya wawili wawili. Mwaka 2022, kule Tokyo, Aaron Chia na Soh Wooi Yik wakawa Wamalaysia wa kwanza kuwa mabingwa wa dunia. Kocha wao wa kila siku alikuwa Tan Bin Shen, mchezaji wa dabo naye, Rexy akiwa juu yake. Na fainali hiyo walimshinda nani? Mohammad Ahsan na Hendra Setiawan, Waindonesia, mabingwa mara tatu, ndugu wa Rexy kwa bendera.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Alichoondoka nacho Rexy hakikuwa mali ya Indonesia ya kufungiwa sandukuni. Alijua namna watu wawili wanavyogawana kiwanja cha mita 13.40 kwa 6.10 bila kugongana, na hilo unampa yeyote aliye tayari kulipokea. Mdogo wake kikazi, Nova Widianto, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mseto 2005 na 2007, naye amekwenda Malaysia, na mwaka 2025 Chen Tang Jie na Toh Ee Wei wamewapa ubingwa wao wa kwanza wa dunia wa mseto.

Umeandika pia kwamba wewe si wa kufundisha kwa sababu hujawahi kushinda kitu ukicheza mwenyewe. Hapa nakukatalia kabisa. Mchezaji wa mmoja mmoja anajifunza miguu yake na pumzi yake. Wewe ulikaa mbele miaka yote ile ukinipa mgongo, na hukugeuka kunitazama, kwa sababu ulikuwa unasoma raketi ya wale wa ng'ambo. Mkono wao ukifunguka, ulishajua kinyoya kinakuja kwangu, kulia au kushoto, na ulishasogea hatua moja kufunga njia ambayo mimi nisingeifikia. Nikirusha juu, ulikuwa umeshashuka ubavuni kwangu kabla sijakuita. Ule ni ujuzi wa kumjua mwingine, na kocha anahitaji huo kuliko smashi, ule mpigo mkali wa kushuka. Smashi watajifunza kwa yeyote.

Nilikwenda Temeke kuwatazama hao mabinti. Wapo wawili ambao watakushughulisha. Mmoja mrefu, mwingine mfupi mwepesi kama panzi, na wote wanataka kukaa nyuma wagonge. Kinyoya cha katikati kikija, ama wote wanakifuata raketi zikagongana, ama wote wanakiacha na kulaumiana. Hakuna aliyewafundisha kupiga kelele "changu!" mapema. Wakishambuliwa wanabaki mmoja mbele mmoja nyuma badala ya kusimama sambamba, na huyo wa mbele anapigwa kifuani kila mara. Yule mfupi ni wewe mtupu. Akipata mtu wa kumwonyesha kwamba mbele kuna kazi ya heshima, hatagombea nyuma tena.

Mambo machache ya kujua kabla hujaanza. Wao hawazijui hesabu zetu: tangu 2006 kila mpigo unampa pointi aliyeushinda, awe ameanzisha au la, seti inakwenda mpaka 21, na zamu ya kuanzisha ni moja tu. Kuanzisha nako kumebadilika. Ile kanuni ya kuanzisha chini ya kiuno imefutwa, na tangu 2018 kinyoya kinapopigwa kisizidi mita 1.15 kutoka sakafuni. Funga kamba ukutani kwa urefu huo, wataona wenyewe. Vinyoya vya manyoya ni ghali, kwa hiyo wapigie vya plastiki kwa mazoezi ya rundo, ya kuwarushia mfululizo, na vya manyoya uviweke kwa mechi. Na usibebe hivyo ulivyozoea kutumia Arusha. Huko juu hewa ni nyepesi na kinyoya kinapaa, ndiyo maana mnanunua vya namba ndogo, vya mwendo wa polepole. Huku pwani vitaanguka kabla ya mstari, utadhani watoto hawana nguvu.

Ukumbi wao una madirisha mapana na upepo wa jioni unaingia. Nimeshaongea na mwalimu wa pale: yafungwe saa ya mazoezi, joto tuvumilie.

Wenzetu wa Upanga niachie mimi. Kikao ni mwisho wa mwezi, na nitayasema haya yote mbele yao, na la Malaysia nitalianza. Mwenyekiti ameshaniambia faraghani kwamba yeye hana kinyongo. Anachotaka ni kwamba mabinti wako wakikutana na wetu usimlaumu mwamuzi. Nimemwambia hukuwahi.

Nijulishe tarehe ya basi. Nitakupokea Mbezi, stendi ya Magufuli, usihangaike na mizigo na goti hilo. Raketi yako ya zamani nimeipeleka kufungwa nyuzi upya, iko kwangu. Na wasalimie watoto wote huko, na shemeji mwambie asikucheleweshe.

Ni mimi mwenzako wa nyuma ya kiwanja.