Tuwatambue ndege wahamao kabla hawajaondoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wakazi wenzangu wa Dar es Salaam watenge asubuhi moja mwishoni mwa Machi, kabla masika hayajakolea, wakawatazame ndege wadogo wanaojiandaa kurudi Ulaya na Asia kuzaliana. Wazee wa mwambao walizoea majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Ndege hawa nao hufuata takriban kalenda hiyohiyo, ila tunayemjua kwa jina ni mbayuwayu, na wengi waliobaki tunawaita shomoro tu.

Jumapili iliyopita, saa 12:30 asubuhi, nilisimama chini ya mkwaju kule Mlimani, Chuo Kikuu, nikimfuatilia ndege mwenye uzito wa gramu 10 hivi. Mgongo wake ulikuwa wa kijani kilichofifia, kifua cheupe chenye unjano kwa mbali, na juu ya jicho ulipita mstari mwembamba mithili ya wanja. Nilidhani ni chozi jike, mpaka alipogeuka nikaona mdomo mfupi ulionyooka, si ule uliopinda wa kufyonzea maua. Hakutulia: alichungulia chini ya kila jani, akadonoa kiwavi, akarukia tawi jingine, kisha akatoa mlio laini unaopanda mwishoni, "hu-it". Huyo ndiye ndege ambaye kisayansi huitwa Phylloscopus trochilus (kwa Kiingereza, willow warbler), na huenda Mei hii akawa Urusi au Uswidi akijenga kiota.

Mhamiaji mwenzake, Muscicapa striata (kwa Kiingereza, spotted flycatcher), hutambulika kwa tabia kuliko rangi. Hukaa wima kwenye tawi lililo wazi, huchomoka kumdaka mdudu hewani, na mara nyingi hurudi palepale. Ukiona michirizi kifuani na utosini, hutamchanganya na jamaa yake mkazi wa hapa, ambaye ni wa kijivu kitupu.

Darubini husaidia, lakini naona daftari ni muhimu zaidi. Andika umbo la mdomo, tabia na mlio kabla ya kufungua kitabu, kwani kitabu kikitangulia, jicho huona kilichochorwa.

Mtaani kwetu vichaka vya kando ya mfereji vimefyekwa wiki hizi hizi ambazo ndege hawa wanajaza mafuta ya safari mwilini, na naamini waliofyeka hawakujua mlikuwa na nani humo. Nakuomba, Mhariri, uchapishe picha na maelezo yao kwa Kiswahili kila Machi, na viongozi wetu wa mitaa waahirishe ufyekaji hadi katikati ya Mei.

Msomaji wako,
Ubungo, Dar es Salaam