Darasa la watoto lisikimbie picha

Mhariri,

Kila shule zinapokaribia kufungwa kwa likizo ya kiangazi, kurasa zako hujaa matangazo ya makumbusho ya sanaa: muziki uani jioni, filamu za usiku, siku ya familia, na madarasa ya watoto ya kuchora, kufinyanga na kuchapa picha. Nayasoma yote, na wajukuu zangu nimewapeleka katika baadhi yake. Nimefundisha sanaa shuleni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo utanivumilia nikisema bila kuzunguka kwamba mengi ya madarasa hayo hayana sababu yoyote ya kufanyika ndani ya makumbusho.

Utaratibu ninaoukuta ni uleule. Mtoto hupokewa mlangoni, hubandikwa jina kifuani, hupitishwa mbiombio katika kumbi za picha huku akikumbushwa asiguse kitu, kisha huteremshwa kwenye chumba cha chini ambako meza zimeshatandikwa plastiki. Huko kinamngoja kipepeo cha karatasi kilichokwisha kukatwa na mtu mzima. Kazi aliyobakiziwa ni kukipaka rangi na kukipachika macho. Wazazi wakija mchana wanakabidhiwa kundi zima la watoto wenye vipepeo vya mkato mmoja, na hakuna ajuaye kipi ni cha nani mpaka asome jina lililoandikwa nyuma. Mtoto amefurahi, sikatai. Lakini angefurahi vivyo hivyo katika ukumbi wowote wenye meza na gundi. Kile ambacho makumbusho peke yake yanacho, yaani kazi halisi za wasanii, kimeachwa juu ya ngazi.

Najua jibu la haraka: picha zote siku hizi ziko kwenye simu. Ziko, ila zimesawazishwa. Picha inayojaza ukuta mzima na ile ndogo kama kadi ya mkononi zinatoshana, na uso wa kila picha ni wa kioo kilekile. Mbele ya turubai, yaani kitambaa chenyewe alichopaka mchoraji, mtoto anaona rangi iliyorundikwa mpaka ikatupa kivuli, mahali brashi ilipokaukiwa, kona ambayo mchoraji hakujisumbua kuimaliza. Katika makumbusho ya Prado, Madrid, kuna picha kubwa ya Velázquez, mchoraji wa Hispania, ya mfalme Felipe IV akiwa juu ya farasi, iliyochorwa miaka ya 1630. Ukiitazama kwa makini utaona farasi yule ana miguu ya ziada. Mchoraji alibadili mawazo, akaifunika miguu ya kwanza kwa rangi, na kadiri miaka ilivyopita rangi ya juu ikapoteza uzito wake, miguu ya zamani ikachungulia. Mwonyeshe jambo kama hilo mtoto wa miaka tisa au kumi. Huo ndio umri ambao wengi huanza kusema "mimi sijui kuchora", kwa sababu jicho limeshaanza kudai mfanano ambao mkono bado hauuwezi. Wengine huiacha penseli hapo na hawairudii tena maishani. Mtoto anayejionea kwamba hata mchoraji wa mfalme aliihamisha miguu ya farasi ana sababu ya kuendelea, na sababu hiyo hakupewa kwa maneno matamu ya mwalimu.

Tatizo ni kwamba kuona huko kunataka muda, na sisi watu wazima hatuna mazoea nako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliofanywa katika makumbusho ya Metropolitan huko New York, ulikuta kwamba mtazamaji husimama mbele ya kazi moja kwa wastani wa sekunde 27 tu, na katika hizo anasoma pia kibao cha maelezo. Mtoto anayeburutwa na mkubwa wa namna hiyo atajifunza kutembea, si kutazama.

Njia ya kumsimamisha mtoto mbele ya picha inajulikana, wala si ya gharama. Philip Yenawine, aliyesimamia elimu katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, pamoja na mtafiti Abigail Housen, walijenga mtindo wa kufundisha unaosimama juu ya maswali matatu: Kuna nini kinachoendelea katika picha hii? Umeona nini kilichokufanya useme hivyo? Tunaweza kuona nini kingine? Mwalimu hasifu jibu wala halisahihishi. Huonyesha kwa kidole kile mtoto alichokitaja, hulirudia wazo lake kwa maneno mengine, kisha huuliza tena. Swali la pili ndilo lenye kazi, maana linamrudisha mtoto kwenye picha kutafuta ushahidi. Nimelitumia sana. Darasa linaweza kukaa chini mbele ya picha moja kwa muda ambao baba na mama zao wangekuwa wameshamaliza ghorofa nzima.

Kwamba hili lina faida inayopimika, tuna ushahidi usio wa kubahatisha. Makumbusho ya Crystal Bridges yalipofunguliwa mwaka 2011 katika mji wa Bentonville, jimbo la Arkansas, Marekani, shule zilizoomba kuleta wanafunzi zilikuwa nyingi kuliko nafasi, ikabidi kura ipigwe. Watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo wakaitumia kura ile kuwalinganisha waliokwenda na waliobaki, karibu wanafunzi 11,000 kutoka shule 123. Ziara yenyewe ilikuwa fupi: takriban saa moja ya kuzungumza juu ya picha kama tano. Wiki kadhaa baadaye waliokwenda waliweza kuichambua vizuri zaidi picha ambayo hawakuwahi kuiona, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa vijijini na wa shule zenye umaskini mwingi. Asilimia 88 ya walioiona picha ya Eastman Johnson ya kambi ya kupikia sukari ya mti wa mepo walikumbuka kwamba wapinga utumwa waliihimiza sukari hiyo ili kuidhoofisha ile ya mashamba ya watumwa. Hakuna aliyewatungia mtihani wa kukariri. Walikuwa wameitazama picha na kuambiwa habari yake wakiwa mbele yake.

Sisemi mikono ya watoto ikae bure. Chukua Matisse, msanii wa Ufaransa, ambaye baada ya upasuaji mzito wa mwaka 1941 alishindwa kusimama muda mrefu mbele ya turubai. Wasaidizi wake walipaka karatasi gwashi, yaani rangi nzito za maji, naye akakata maumbo moja kwa moja kwa mkasi bila kuyachora kwanza. Makumbusho yenye kazi ya aina hiyo ukutani yana somo zima la asubuhi: watoto wakae mbele yake, wabishane kipi kilikatwa kwanza na kipi kimelalia kipi, kisha washuke wapake karatasi zao wenyewe, wazingoje zikauke, wakate. Vifaa ni vilevile vya kile kipepeo. Tofauti ni nani ameshika mkasi.

Wahifadhi wataniambia habari ya usalama wa kazi za sanaa, na wana haki. Rangi za maji, wino na chaki za vumbi hazina nafasi karibu na turubai ya miaka mia tatu. Ndiyo maana makumbusho mengi huruhusu penseli tu ukumbini. Basi penseli inatosha! Ubao mwepesi, karatasi, kigoda cha kukunja, na mlinzi aliyeelezwa mapema kwamba watoto wataongea. (Mzazi naye angesaidia akienda kunywa kahawa. Victor D'Amico, aliyeanzisha tamasha la sanaa la watoto katika makumbusho yale ya sanaa ya kisasa ya New York mwaka 1942, aliwaacha watu wazima nje ili wasimnong'oneze mtoto rangi ya kuchagua. Kila nikiona bibi anayemshika mjukuu mkono wa brashi namkumbuka.)

Jambo jingine ni saa. Darasa la Jumanne saa nne asubuhi ni la mtoto ambaye nyumbani kwao kuna mtu asiye kazini, na nafasi za bure zinazotangazwa kwenye intaneti pekee humalizwa na wale wale wanaoyajua makumbusho tangu zamani. Andy Warhol, msanii mashuhuri wa Marekani, mtoto wa wahamiaji, baba yake kibarua, alisoma sanaa akiwa mdogo katika madarasa ya bure ya Jumamosi ya Carnegie Institute mjini Pittsburgh, na walimu wa shule ndio waliokuwa wakipendekeza watoto wa kwenda. Sidai kila Jumamosi italeta Warhol mwingine. Nadai Jumamosi.

Muziki wa uani na filamu za usiku vibaki, vinaleta watu ambao wasingevuka kizingiti kwa sababu nyingine. Ila navyo huhesabiwa kwa vichwa, na nahofia hesabu hiyo ndiyo iliyoyaharibu madarasa ya watoto: chumba cha chini hupokea wengi, sakafu mbele ya picha hupokea wachache.

Kwako, Mhariri, nina ombi moja. Mtakapochapisha tena ratiba za kiangazi, waulizeni wahusika watoto watakaa dakika ngapi mbele ya kazi halisi, na jibu lao mliandike pale pale mnapoandika ada na umri.

Mwalimu mstaafu wa sanaa