Wanawake wa Athens walikuwa wapi? Barua kwa Mwanakheri

Tanga, Jumapili jioni

Kwako shoga yangu Mwanakheri,

Assalamu alaikum. Hapa kwetu sote wazima, alhamdulillahi. Barua yako imefika, na kabla sijakupa habari za huku nijibu kwanza lile swali lako, maana nakujua, usipojibiwa hulali. Umesema binti yako kasomeshwa habari za Wagiriki wa kale, falsafa, kura na vita, naye hakuona mwanamke hata mmoja ila miungu wa kike. Ukaniuliza: "Wake zao walikuwa wapi? Kabatini?"

Ukiwasikiliza wanaume wa Athens, mji wa hao Wagiriki, jibu ni ndiyo, kabatini. Pericles, kiongozi wao, alipohutubia kwenye mazishi ya askari waliokufa mwaka wa kwanza wa vita na mji hasimu wa Sparta, ule wa 431 KK, aliwaambia wajane kwamba sifa yao kubwa ni kutotajwa na wanaume, kwa wema wala kwa ubaya. Anayesema hayo ndiye mtu ambaye nyumbani kwake alikaa na Aspasia, mwanamke wa Miletus aliyetajwa mji mzima mpaka akataniwa jukwaani. Mimi watu wa namna hii siwasikilizi wakiwa wanahutubia. Nawasikiliza wakiwa mahakamani. Athens hakukuwa na wakili wa kukusemea. Ulikwenda kwa mwandishi wa hotuba, ukamlipa, ukajifunza maneno, ukasimama mwenyewe huku maji yakichuruzika kwenye chungu cha kupimia muda. Na mtu mwenye kesi hana nafasi ya kujisifu tu. Atataja ngazi, mlango, taa, mtoto aliyelia.

Chukua kesi ya Euphiletos. Huyu alimuua mwanamume aliyemkuta na mkewe, akashtakiwa, na hotuba yake aliandikiwa na Lysias, fundi wa kazi hiyo. Anaanza na nyumba. Nyumba yangu ndogo, anasema, ina juu na chini, ukubwa sawasawa. Wanawake walikaa juu, wanaume chini. Ndivyo desturi ilivyotaka. Kisha akazaliwa mtoto. Kila akitaka kuogeshwa, mama itabidi ashuke ngazi naye, na ngazi zile zingeweza kumwangusha. Basi mume akahamia juu, wanawake wakateremka chini, kwenye upande ulio karibu na mlango wa nje. Mtoto mchanga mmoja tu, na kanuni nzima ya juu na chini imepinduliwa!

Siku moja mume karudi kutoka shamba bila kutarajiwa. Wamekula, wamepanda kulala, mara mtoto analia huko chini. Kumbe kijakazi anamchokoza makusudi, maana yule bwana mwingine yumo ndani. Mume anasema nenda kamnyonyeshe. Mke anajivuta, ati furaha ya kumwona mumewe haijamwisha. Mume anakuwa mkali. Mke anamrushia: unataka niondoke ubaki na kijakazi, siku ile ulipolewa si ulimvutavuta? Mume anacheka. Mke anatoka, anafunga mlango kama mzaha, na ufunguo anaondoka nao. Alfajiri anakuja kufungua. Mbona milango ililia usiku? Taa ya mtoto ilizimika, nikaenda kuiwasha kwa majirani. Mume anaona uso wa mkewe una poda, na kaka yake mwanamke amefariki hata siku 30 hazijatimia. Ananyamaza, anakwenda zake.

Wasomaji wengi wanakimbilia mauaji. Mimi nilikwama kwenye taa, kwa sababu uongo wa mke lazima ufanane na kweli, la sivyo mume asingeuamini. Maana yake mwanamke wa Athens, yule asiyetakiwa kutajwa, alikuwa akigonga kwa jirani usiku kuomba moto na hakuna aliyeona ajabu. Tena endelea na kesi hiyohiyo. Yule kijana alimwona wapi huyu mke wa mtu? Kwenye mazishi ya mama mkwe wake, alipokuwa akifuata jeneza. Salamu zilipitaje? Kwa kijakazi aliyekwenda sokoni. Akatoka tena wakati wa Thesmophoria, sikukuu ya wanawake, akaenda hekaluni na mama wa huyo kijana. Mumewe anaeleza yote hayo bila kushtuka kwamba mkewe alitoka. Kinachomuuma ni alitoka na nani.

Kijakazi ndiye anayenisumbua. Mume alipotaka kujua ukweli alimpa achague: apigwe mijeledi na kutupwa kwenye kinu asage unga mpaka afe, au aseme kila kitu. Jina lake halitajwi popote. Heshima ya bibi ya kukaa ndani ilisimama juu ya miguu ya mtu kama huyu, anayekwenda sokoni na kisimani kwa niaba yake na kupigwa kwa niaba yake. Mweleze binti yako na hilo pia, kwa sababu vitabu vinapenda kusema "wanawake wa Kigiriki" kana kwamba wote walikuwa na kijakazi.

Wasiokuwa naye walijitwisha wenyewe. Kuna mitungi ya maji ya Athens ya karne ya 6 KK iliyochorwa wanawake wakiwa kwenye mabomba ya maji, yale yenye midomo ya simba. Angalia vizuri vichwani mwao: aliye na mtungi mtupu ameulaza ubavu, aliyejaza ameusimamisha, na chini yake pana ngata. Mchoraji huyo aliwahi kusimama pale akatazama. Na Aristotle, mwanafalsafa asiyesifika kwa kuwapenda wanawake, alipozungumzia maofisa wa kusimamia mienendo ya wanawake katika miji, alikiri kwamba haiwezekani: utawazuiaje wake wa maskini wasitoke?

Halafu zilikuwapo sikukuu zao. Hiyo Thesmophoria ilikuwa siku tatu za majira ya kupanda nafaka, za Demeter, mungu wa kike wa nafaka, na mwanamume haruhusiwi kusogea. Wake wa wananchi waliondoka majumbani, siku ya pili wakafunga na kukaa chini ardhini, na masalia ya nguruwe waliotupwa mashimoni yakatolewa kuchanganywa na mbegu. Gharama juu ya mume, apende asipende. Adonia ndiyo naipenda zaidi. Hiyo haikuwa sikukuu ya dola. Wanawake walipanda saladi na shamari kwenye vigae vya vyungu vilivyovunjika, wakapanda navyo juu ya mapaa, na mimea ilipochipua haraka na kunyauka haraka wakamlilia Adonis, yule kijana wa hadithi zao aliyependwa na mungu wa kike Aphrodite akafa mapema, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Katika mchezo wa jukwaani wa Aristophanes, mtunzi wa vichekesho, ofisa mmoja analalamika kwamba mkutano wa wananchi ulipokuwa ukijadili kupeleka jeshi kisiwa cha Sicily, mwanamke alikuwa juu ya paa akicheza na kulia "ole wake Adonis!" Ofisa anaona hiyo ni kelele. Watazamaji walijua la zaidi: jeshi lile la mwaka 415 KK liliangamia lote miaka miwili baadaye.

Sasa nakuja kwa mwenzako wa sokoni. Anaitwa Nikarete, aliuza tepe sokoni Athens, zile za kufunga vichwani mwa washindi na kuzungushia makaburi. Mwaka 346 KK mji uliamua kukagua upya daftari za wananchi, na mwanawe Euxitheos akafutwa. Maadui zake walikuwa na hoja mbili. Baba yake alikuwa na lafudhi ya kigeni. Mama yake anauza tepe, na zamani alinyonyesha mtoto wa watu kwa ujira, kazi za wageni na watumwa hizo. Kama angekata rufaa na kushindwa, angeuzwa utumwani. Ndiyo ujue uzito wake. Tangu sheria ya Pericles ya mwaka 451 KK uraia ulipitia kwa baba na mama wote wawili, kwa hiyo heshima ya mama sokoni iligeuka ushahidi wa kisheria.

Hotuba alimwandikia Demosthenes, na huyo hakuficha kitu. Ndiyo, tunauza tepe, na hatuishi tungependavyo. Baba alitekwa vitani akauzwa ugenini, ndiko lafudhi ilikotoka. Mama alinyonyesha kwa sababu mume alikuwa jeshini, watoto wawili wamemwegemea, na nyumbani hakuna kitu. Umaskini huwalazimisha watu huru kufanya mengi ya kitumwa. Kisha akawageuzia kibao: sheria yenu wenyewe inamshitaki mtu anayemsimanga raia, mume au mke, kwa kufanya biashara sokoni. Shoga, sheria ilikuwapo! Na sheria haitungwi kwa jambo lisilotokea. Ina maana masimango yalikuwapo, na raia wa kike waliokuwa wamekaa nyuma ya meza za biashara walikuwapo wa kutosha mpaka mji ukaona haja ya kuwakinga.

Kesi moja ya mwisho, hii si ya mahakamani, ameisimulia Xenophon, mwanafunzi wa mwanafalsafa Socrates. Baada ya Athens kushindwa vita, mji ukiwa umegawanyika wenyewe kwa wenyewe, ndugu wa kike wa mtu aitwaye Aristarchos walimkimbilia: dada, wapwa, mabinamu, wakajaa nyumbani watu huru 14. Shamba limetekwa, nyumba haipangishiki, hakuna anayekopesha. Akamwendea Socrates na uso umemshuka. Socrates akamuuliza: hao wanawake wanajua kufuma? Wanajua sana, lakini ni ndugu zangu, watu huru, nitawafanyishaje kazi? Socrates akamjibu, na nafupisha, kwamba kuwa huru hakujazi tumbo. Aristarchos akakopa mtaji, akanunua sufu. Wanawake wakasokota na kufuma kutwa, chakula cha mchana wakila huku mikono inafanya kazi, na nyuso zilizokuwa zimekunjamana zikakunjuka. Waliokuwa wakitazamana kwa jicho baya wakaanza kutazamana vizuri.

Muda si muda Aristarchos akarudi kwa Socrates akicheka. Wanawake wanamlaumu sasa: humu ndani wewe peke yako ndiye unayekula bila kufanya kazi. Socrates akamfundisha awasimulie hadithi ya kondoo na mbwa. Kondoo walimnung'unikia bwana wao kwamba wao wanatoa sufu, wanakondoo na jibini na hawapewi kitu, mbwa hatoi chochote na anakula mkate wa bwana. Mbwa akasema: mimi ndiye ninayewalinda msiibwe wala kuliwa na mbwamwitu. Aristarchos akawaambie hivyo hivyo. Nyumba yenyewe wakati huo ilikuwa ikisimama kwa uzi wao, na mtaji ulikuwa wa mkopo, lakini haya, mbwa ni mbwa.

Ya harusi zao nakuwekea mpaka nije mwezi ujao, inshallah, maana yanataka kahawa: bi harusi wa miaka 14 au 15, bwana harusi anakaribia 30, mama anatembea nyuma ya gari la kukokotwa na mwenge mkononi, na wote wawili wakifika wanamwagiwa tini kavu na kokwa za kuliwa. Msalimie mama, na binti yako mwambie akiulizwa darasani aanze na kesi ya tepe.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Tanga