Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Jiji la Tanga

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KADI ZA MAREHEMU DAKTARI WETU WA NGAMIANI

Salaam. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili ni la nyumba nyingi, na kwa kuwa mwisho wa mwezi chumba chake kinakabidhiwa kwa mpangaji mpya anayetaka kuweka duka la simu.

Jina lake nimeliacha kwa ombi la mjane. Ukifika Ngamiani ukauliza kijiwe chochote nyumba ya daktari, utapelekwa mpaka mlangoni.

Kwa vyeti alikuwa daktari msaidizi, na ukimwita "bingwa" ulikemewa. Alianza kazi serikalini, enzi zile sheria ya 1977 imepiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Ruhusa iliporudi mwaka 1991 hakuikimbilia. Alingoja mwaka mzima, kisha akapanga chumba cha mbele katika nyumba ya Kiswahili, akaweka meza, darubini, kitanda kimoja, na benchi refu lililotokeza hadi barazani. Sisi tulipaita hospitali.

Mpole hakuwa. Unajua watu wetu na sindano, asiyedungwa anaona hakutibiwa. Mtu alikuja na mafua akadai sindano, akaambiwa aende dukani akanunue ya kushonea. Wengine walinuna wakahamia kwingine, halafu usiku mtoto akizidiwa walikuja kugonga dirisha lake, naye akafungua huku akigomba.

Lakini nilichokusudia ni kadi. Wakati ule kila mgonjwa alikuwa na daftari lake la kwenda nalo zahanati. La kwangu nililichana kurasa nikafanyia hesabu za darasa la nne. Daktari alipogundua, akaacha kuyategemea madaftari yetu. Alinunua manila, akakata kadi, kila mtu akawa na yake. Kisha kadi za nyumba moja alizifunga pamoja kwa uzi wa katani. Kitita kimoja, nyumba moja. Chetu kilikuwa namba 114. Ukimpelekea mtoto anayekohoa, alifungua uzi akasoma kwanza kadi ya bibi anayelala naye.

Mdogo wangu alikuwa hamalizi mwezi bila "malaria". Macho ya njano, vidole vimevimba, usiku analia miguu. Kote alikopelekwa alipewa klorokwini, na dawa ile ilivyokuwa ikiwasha, tulikuwa tukikesha kwa zamu kumkuna. Siku alipofikishwa kwa daktari, darubini haikuonyesha kitu. Akazipanga kadi zetu tano mezani kama mcheza karata, akamuuliza mama juu ya mtoto ambaye kadi yake haikuwepo, kaka yangu aliyefariki akiwa na miaka mitatu, kabla sijazaliwa. Hakuna aliyewahi kutuuliza habari zake. Mama alisimulia, daktari akaandika, akatupa barua ya kwenda hospitali ya Bombo kupima damu. Ilikuwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Baba alikuwa ameshaanza kusema maradhi yanatoka upande wa mama. Daktari aliwaita wote wawili, akafunga mlango, akawachorea kwenye karatasi: kila mmoja wenu amebeba nusu, ndiyo maana nyinyi ni wazima, na kila mimba, mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata ugonjwa. Karatasi ile baba aliikunja akaitia mfukoni. Maneno ya upande wa mama hatukuyasikia tena nyumbani kwetu.

Sasa wino mwekundu. Mwaka 1996 mama alimeza septrini, dawa yenye salfa, ngozi ikamchubuka, midomo na macho vikaharibika, akalazwa wiki tatu. Daktari aliandika juu ya kadi yake kwa wino mwekundu: SALFA HAPANA. Kila aliyewahi kudhuriwa na salfa aliandikiwa hivyo. Mwaka 2001 nchi ikaiacha klorokwini na kushika dawa nyingine ya malaria, SP, na ndani ya SP mna salfa. Daktari alikesha akifungua vitita. Kesho yake alimtuma kijana kwa baiskeli, apite nyumba zenye wino mwekundu tu, aseme fulani asimeze dawa mpya, akipata homa aje kwangu. Ilipokuja dawa mseto ya malaria, kijana yule yule alipita tena kusema hii haina neno.

Alifariki mwaka jana. Matangani watu walihadithiana magonjwa yao kwa sauti, mambo ambayo yeye hakuwahi kuyatoa nje ya chumba kile.

Miezi mitatu iliyopita mama, ambaye sasa ana miaka 81 na kumbukumbu zimeanza kumtoka, alipata shida ya mkojo. Alipelekwa kwenye kituo ambacho sitakitaja. Walimpokea vizuri, wakampima presha na sukari, wakamwuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Akajibu hakuna. Akaandikiwa septrini. Nilikuta pakiti mezani, vidonge vyote vimo, kwa sababu alikuwa anangoja ale kwanza. Kijana aliyemwandikia simlaumu. Aliuliza, akajibiwa, na kitita namba 114 kilikuwa kimefungiwa mtaa wa pili.

Ndugu Mganga Mkuu, hatuombi barabara wala kituo kipewe jina lake, ingawa wapo watakaokuletea barua hiyo. Tunaomba utume mtunza kumbukumbu na muuguzi mmoja kabla ya mwisho wa mwezi. Kuna makasha manne ya bati, vitita zaidi ya 300. Walio hai wapewe kadi zao mkononi. Wanaokubali, taarifa zao ziingizwe kwenye mfumo wa kituo cha afya kilicho karibu nao, na ule wino mwekundu uwe wa kwanza kuingizwa. Mna siri humo, za virusi na za mimba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazilinda, kwa hiyo kazi hii si ya mjumbe wa mtaa wala ya vijana wa kujitolea. Watoto wa marehemu wamesema wazi kuwa asipokuja mtu watachoma moto. Nao nawaelewa, maana wanaogopa siri za watu.

Ufunguo anao mjane. Yupo nyumbani kila siku baada ya alasiri. Nyuma ya kadi nyingi mtakuta tarakimu za penseli. Hayo ni madeni, na mjane amesema msiyasome.

Wako,
Kitita namba 114
Ngamiani, Tanga