Malalamiko: Rubani aliyekataa kuruka msimwadhibu

Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Ndege,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UBOVU WA NDEGE, SAFARI YA DAR ES SALAAM–MWANZA, IJUMAA ILIYOPITA ASUBUHI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilikuwa nawahi mazishi ya mjomba aliyenilea. Alizikwa saa 9 alasiri bila mimi, kwa kuwa taa ya onyo la mlango iliwaka, rubani akageuza ndege kabla hatujafika njia ya kurukia, akaturudisha.

Simlalamikii yeye. Nawalalamikia ninyi.

Nilikaa kiti cha mwisho, jirani na mlango. Tangu napanda niliona raba inayozunguka mlango imechanika, urefu wa kiganja hivi, imebandikwa utepe wa rangi ya fedha uliokwisha kubanduka pembeni. Nikanyamaza, nilidhani mafundi wanajua wanachofanya. Tuliporudi, fundi alipanda, akaupitisha mkono pale, akamwambia rubani, "Hii taa ya mlango si ngeni, iliwaka juzi na jana." Rubani akamuuliza kwa nini daftari la ufundi linasema imeshughulikiwa. Fundi hakujibu.

Kumbe mlijua. Mkaiachia ndege ibebe watu siku mbili.

Kilichoniuma zaidi ni kaunta. Mfanyakazi wenu alitutangazia, "Rubani amekataa kuruka," kana kwamba ni mkaidi. Abiria wakaanza kumtukana, naye yupo pale pale anasikia. Mnamfundisha nini rubani wa kesho? Kwamba akiona taa imewaka, afumbe macho ili asitukanwe?

Tarehe 31 Januari 2000, ndege ya Alaska Airlines iliyotoka Puerto Vallarta, Mexico, ilianguka baharini karibu na California, wakafa watu wote 88. Skrubu ya kusogeza bawa la mkiani haikupakwa grisi ya kutosha, nati yake ikalika hadi ikaachia. Marubani walipotaka kutua Los Angeles, mtu wa kampuni aliwakumbusha kwenye redio kuhusu ratiba. Ndugu Mkurugenzi, grisi! Na kwenu ni raba ya mlango.

Kwa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, rubani kiongozi ndiye mwenye kauli ya mwisho ndani ya ndege. Kwa hiyo naomba haya: mnieleze kwa maandishi nani alisaini kwamba ile taa imeshughulikiwa, mniandikie kwamba rubani yule hataandikiwa barua ya onyo wala kukatwa mshahara, na mnirudishie nauli yote, si vocha. Ule ujumbe wenu wa simu wa "sababu za kiutendaji" siupokei kama maelezo.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Nakala ya barua hii naipeleka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Na kama rubani yule yupo kazini leo, mfikishieni shukrani zangu. Mjomba nitakwenda kumwona kaburini. Wanangu watatu wananiona mezani kila jioni.

Wenu,
Abiria wa kiti cha mwisho, dirishani